Paka Kaacha Sanduku Lake la Mchanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimefuga paka muda mrefu kiasi cha kuwa mtu wa kupigiwa simu mkojo unapoonekana kitandani. Mimi si daktari. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara kuhusu paka aliyeacha sanduku la mchanga, yaani choo chake cha ndani, na majibu ninayowapa wafugaji wenzangu.

Paka wangu ametumia sanduku miaka mitatu bila kukosea. Leo nimekuta mkojo kwenye kochi. Nianzie wapi?

Anzia kwa paka, kochi litasubiri. Watu wengi hukimbilia kubadili mchanga au kumtupa mnyama nje, kumbe anaumwa. Paka ni mficha maradhi hodari: atakula, atajilamba, ataota jua kama kawaida, na dalili pekee atakayokuachia ni hiyo ya kukojoa pasipo pake. Mabadiliko yakija ghafla kwa paka aliyekuwa na adabu zake, mpeleke kwa daktari wa wanyama, mkojo upimwe. Ukishaambiwa mwili ni mzima, geukia sanduku. Sanduku nalo likiwa halina neno, tazama nyumba na wanaoishi ndani yake.

Kabla ya kufuta, chunguza kwanza ulichokikuta. Ni dimbwi au ni matone matatu? Mkojo una rangi ya waridi? Uko chini sakafuni, kwenye nguo, au umechuruzika kutoka ukutani? Piga picha kwa simu. Daktari atakuuliza hayo hayo, na ukiwa umeshafuta kila kitu utabaki kukisia.

Kuna hali ambayo haifai kusubiri hata kesho?

Ipo, na mwenye dume ndiye anayepaswa kuisoma mara mbili. Mrija unaotoa mkojo wa paka dume ni mwembamba mno, hasa kuelekea nchani. Ute, chembechembe za fuwele au kijiwe kidogo vinaweza kuuziba kabisa. Utamwona anaingia sandukuni, anachuchumaa, anajikaza, anatoka bila kitu, halafu dakika chache baadaye anarudi tena. Wengi hudhani amefunga choo. Analia kwa sauti ambayo hujawahi kumsikia nayo, anajilamba sehemu za siri bila kupumzika, na ukimgusa tumbo anaruka. Baadaye anaanza kutapika, anakataa chakula, anajilaza hana nguvu.

Kinachoua hapo ni sumu inayorundikana. Figo zinashindwa kutoa taka, potasiamu inapanda kwenye damu, na moyo unaanza kwenda mrama. Tangu njia izibe hadi paka kufa zinaweza kupita siku moja au mbili tu. Usimkamue tumbo, kwa sababu kibofu kilichojaa kinaweza kupasuka. Usimnyweshe maji kwa nguvu ukidhani yatasukuma kizuizi. Wala usimpe dawa ya maumivu ya binadamu: kidonge kimoja cha parasetamoli kinatosha kumuua paka, maana ini lake halina uwezo wa kuivunjavunja dawa hiyo kama letu. Mweke kwenye kikapu uondoke, hata kama ni usiku wa manane. Daktari atampa dawa ya usingizi na kupitisha mpira mwembamba wa kuzibua njia.

Jike anaweza kuziba pia, lakini ni nadra, kwa kuwa njia yake ni fupi na pana zaidi.

Kama hajaziba, anaweza kuwa anaumwa nini?

Kwa paka ambao hawajafika miaka 10, linaloongoza ni kuvimba kwa kibofu kusiko na chanzo cha wazi. Mkojo unapimwa, damu inaonekana, bakteria hawaonekani. Paka wa aina hii huwa na mwili usiovumilia wasiwasi, na vurugu ya nyumbani humshukia kwenye kibofu kama vile binadamu mwingine humshukia tumboni. Maumivu mara nyingi hutulia yenyewe baada ya wiki moja hivi, kisha hurudi siku nyingine. Ndiyo sababu wafugaji wengi huapa kwamba antibayotiki ilimponya paka wao. Alipewa dawa siku ya pili, siku ya saba akawa mzima, nayo dawa ikapewa sifa isiyo yake. Maambukizi ya kweli ya bakteria huwapata zaidi paka wazee na wale wenye kisukari au figo dhaifu.

Kuna mawe pia. Yale yanayoitwa struvaiti yanaweza kuyeyushwa kwa chakula maalumu kinachotolewa na daktari. Ya kalsiamu oksalati hayayeyuki, na kwa kawaida hutolewa kwa upasuaji. Huwezi kujua yapo ya aina gani kwa kumtazama paka usoni; kazi hiyo ni ya eksirei, ultrasaundi na kipimo cha mkojo.

Halafu kuna magonjwa yanayomfanya akojoe mno: figo zilizochoka, kisukari, tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi. Paka huyu hana ugomvi wowote na sanduku lake. Linalowa tu haraka kuliko unavyolisafisha, au haja inamkamata akiwa mbali nalo. Tazama bakuli la maji. Ukiona unalijaza mara mbili ya zamani, umeshapata la kumwambia daktari.

Anakojoa ndani ya sanduku vizuri kabisa, lakini haja kubwa anaenda nje. Mbona anagawa?

Paka wengine hupenda mahali pawili pa haja mbili, na sanduku la pili hulimaliza jambo. Ila angalia kinyesi chenyewe. Aliyefunga choo huanza sandukuni, anaumia, anatoka anatembea huku anajikaza, na vipande vigumu vinadondoka njiani. Aliyeharisha hakuwahi kufika. Kama kinyesi ni cha kawaida na kipo hatua moja tu kutoka sandukuni, sanduku ndilo lenye kasoro: ni dogo, ni chafu, au ni la kupanda.

Daktari amemtibu, amepona, na bado halitaki sanduku. Kwa nini?

Kwa sababu anakumbuka. Kila alipoingia mle aliungua, na kwake yeye sanduku ndilo lililomwunguza. Hajui habari za kibofu. Kumrudisha kwenye sanduku lile lile, mahali pale pale, ni kumrudisha kwenye maumivu. Mpe sanduku jingine lenye umbo tofauti, mchanga wenye hali tofauti, na liweke chumba kingine. La zamani liache lilipo kwa muda; anaweza kulirudia mwenyewe.

Hapa ndipo naona wafugaji wengi wanakata tamaa. Wamelipa matibabu, wanataka kila kitu kirudi kama zamani jioni ile ile.

Paka wangu ni mzee. Anafika hadi kwenye sanduku, halafu anakojoa kando yake.

Swali hili lina historia kwangu. Nilikuwa na paka jike mkongwe aliyefanya hivyo miezi kadhaa, nami nikawa namnunia kila asubuhi. Siku moja nilikaa chini nikamtazama. Alifika, akanusa, akainua mguu wa mbele hadi ukingoni, akaushusha, akachuchumaa pale pale. Sanduku lilikuwa na kuta ndefu. Viungo vya nyonga vilikuwa vimekwisha, na mimi sikuwa nimeona kwa sababu hakuwahi kuchechemea.

Paka wenye maumivu ya viungo kwa kawaida hawachechemei. Wanaacha kuruka dirishani, wanalala zaidi, manyoya ya mgongoni yanachafuka kwa kuwa hawafiki kuyalamba. Wengi wa waliovuka miaka 12 huonyesha mabadiliko ya viungo wakipigwa eksirei. Kata upande mmoja wa sanduku hadi ubaki ukingo wa vidole vitatu, lainisha makali, na weka sanduku ghorofa ile ile anayolala. Mwulize daktari kuhusu dawa ya maumivu ya paka. Kama usiku anazurura akilia na kusahau njia, inawezekana akili yake inafifia kwa uzee. Taa ndogo karibu na sanduku humsaidia.

Sanduku linapaswa kuwa na ukubwa gani?

Mpime paka kutoka puani hadi shina la mkia. Urefu wa sanduku uwe angalau mara moja na nusu ya hapo. Masanduku mengi yanayouzwa kama ya paka hayafiki kipimo hicho, nami nimeacha kuyanunua. Natumia sanduku kubwa la plastiki la kuhifadhia nguo, nimelikata mlango upande mmoja.

Lenye kifuniko ni zuri zaidi?

Kwako, ndiyo. Paka wengine hawajali, wengine huchukia. Kifuniko hufungia harufu ndani, anakokaa yeye, na humwachia mlango mmoja tu wa kutokea. Nyumba yenye paka mwingine mkorofi, mlango mmoja ni mtego. Kikwazo cha tatu ni cha mfugaji: usichokiona hukisafishi. Kama unashuku, ling'oe kifuniko wiki mbili uone.

Mchanga upi anaupenda?

Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama wa nchi kavu anayechimba na kufukia. Kwa hiyo paka wengi huchagua kitu laini chenye chembe ndogo, kisicho na manukato. Manukato yanawekwa kwa ajili ya pua ya mnunuzi. Kina cha sentimita 3 hadi 5 kinawatosha wengi.

Kwa udadisi tu: huu mchanga wa dukani si wa kale. Mwaka 1947 huko Michigan, Marekani, Edward Lowe alimpa jirani yake udongo mkavu wa chembechembe uliokuwa ukitumika kunyonya mafuta viwandani, kwa sababu jirani huyo alichoshwa na majivu aliyokuwa akiyaweka sandukuni, ambayo paka alikuwa akiyasambaza nyumba nzima kwa nyayo. Ule unaoshikana mabonge, wa udongo wa bentonaiti, ulikuja miaka ya 1980.

Ukilazimika kubadili, changanya kidogo kidogo kwa wiki moja au zaidi. Na kama hujui paka wako anataka nini, weka masanduku mawili yanayofanana, kila moja na mchanga wake, kisha hesabu mabonge. Atakayekojoa kwenye zulia na nguo pekee anakuambia anataka kitu laini. Anayechagua sinki au sakafu ya bafu, sehemu baridi na nyororo, mimi humrudisha kwa daktari kwanza, maana mara nyingi huyo kibofu kinamwuma.

Nisafishe mara ngapi?

Chota kila siku, mara mbili ukiweza. Paka mzima hukojoa mara 2 hadi 4 kwa siku, kwa hiyo sanduku lililoachwa siku tatu ni choo cha stendi. Mchanga usioshikana unataka kumwagwa wote angalau kila wiki. Unaoshikana unaweza kwenda wiki mbili hadi nne mradi unachota. Osha kwa maji ya moto na sabuni isiyo kali, kausha, basi. Plastiki iliyojaa mikwaruzo hushika harufu ambayo wewe huisikii. Baada ya mwaka mmoja hivi ibadilishe.

Nina paka wawili. Sanduku moja halitoshi?

Kanuni ya wafugaji ni idadi ya paka ongeza moja, kwa hiyo matatu. Na yasipangwe yote mstari mmoja ukutani: kwa paka, masanduku matatu yaliyobanana ni sanduku moja refu, na mwenye ubabe analilinda lote kwa kuketi mlangoni.

Najua utasema hawapigani. Ubabe wa paka hauna kelele. Mmoja analala kwenye korido bila kufanya lolote, anakazia macho tu, na mwenzake anageuza njia. Anageuza hivyo hadi haja inamshinda nyuma ya kabati. Mtu anayeingia chumbani anaona paka wawili wametulia. Weka masanduku, maji na mahali pa kulala pande tofauti za nyumba, kiasi kwamba mnyonge asilazimike kumpita mbabe ili ajisaidie.

Mahali pabaya zaidi pa kuweka sanduku ni wapi?

Kando ya mashine ya kufulia. Siku itakapoanza kutetemeka paka akiwa amechuchumaa, hatarudi. Kando ya chakula pia pabaya. Na chumba ambacho mlango wake hufungwa kwa kusahau.

Mkojo uko ukutani, si sakafuni. Kuna tofauti?

Kubwa sana. Anayejisaidia huchuchumaa na kumwaga mkojo mwingi sehemu tambarare. Anayeweka alama husimama, huupa mgongo ukuta au pazia, mkia unatetemeka wima, na anarusha mkojo kidogo kwa nyuma. Sanduku lake bado analitumia kama kawaida. Kumbadilishia mchanga ni kupoteza mchanga.

Huu ni ujumbe kwa paka wengine. Dume ambaye hajahasiwa ndiye bingwa wake, na kuhasiwa kunaukomesha au kuupunguza sana kwa takribani 9 kati ya 10. Majike hufanya pia, ingawa si wengi. Kwa aliyekwisha kuhasiwa, tafuta kinachomtisha. Mara nyingi ni shume wa mtaani anayepita chini ya dirisha kila jioni. Ziba mwonekano wa dirisha hilo, osha nje alikoweka alama yake, na chunguza kama kuna mgeni au fanicha mpya ndani. Ikishindikana, daktari ana dawa za kumtuliza, na si aibu kuzitumia.

Nilisafiri wiki moja, nikarudi nikakuta amekojolea kitanda changu. Hiki si kisasi?

Sidhani hata kidogo. Kisasi kinataka apange leo jambo la kukuumiza kesho, na paka haishi hivyo. Ulipoondoka, ratiba ilivurugika, mtu mwingine akamlisha, sanduku likasafishwa kwa kuchelewa. Kitanda ndicho chenye harufu yako nzito kuliko kitu chochote nyumbani. Paka mwenye hofu huchanganya harufu yake na ile inayomtuliza. Ni ukaribu, ingawa nakubali kwamba saa nane za usiku ukiwa unabadilisha mashuka haufanani na ukaribu.

Nimwadhibu?

Hapana. Ukimsugua pua kwenye mkojo au kumpiga, anachojifunza ni kukuogopa na kutafuta uvungu wa mbali zaidi.

Harufu haitoki, na anarudi pale pale. Nitumie nini?

Nyonya kwanza kwa kitambaa, usisugue. Kisha tumia kisafishaji chenye vimeng'enya, ambavyo huvunja viini vya harufu vinavyobaki baada ya sabuni ya kawaida. Kiache kilowe muda mrefu kama maelezo yake yanavyosema. Watu hukifuta baada ya dakika mbili halafu hulalamika hakifanyi kazi. Kwenye zulia nene, dawa lazima ifike kule mkojo ulikofika, pamoja na sponji ya chini.

Epuka visafishaji vyenye amonia, kwa kuwa harufu yake iko karibu na ya mkojo. Na dawa ya klorini usiimwage juu ya mkojo, mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu. Kama unanusa lakini huoni, zima taa usiku na upite na tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV), unaofanya madoa ya mkojo yang'ae. Jiandae kisaikolojia.

Kitoto cha paka hakijajifunza. Nifanyeje?

Kuanzia wiki ya tatu au ya nne kinaweza kuanza. Tumia sinia lenye ukingo mfupi, kiweke ndani kila baada ya kula na kuamka, na usikiachie nyumba nzima. Kibofu ni kidogo, safari ni ndefu.

Nina mimba. Nisafishe sanduku?

Mwachie mtu mwingine. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vimelea vya toksoplazma, vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni. Huhitaji kumfukuza paka, na wahenga walishasema paka wa nyumba haingwi. Vimelea hivyo huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo sanduku lichotwe kila siku. Ukiwa huna wa kukusaidia, vaa glavu na unawe kwa sabuni.

Nimefanya yote. Nimzoeze upya vipi, na itachukua muda gani?

Mpe chumba kimoja kidogo chenye sanduku kubwa upande mmoja, na kitanda, maji na chakula upande wa pili. Ondoa zulia na tenga la nguo. Ingia mara nyingi ucheze naye, asione amefungwa jela. Akitumia sanduku siku kadhaa mfululizo bila kukosea, mfungulie chumba cha pili ukiwa unamwangalia, kisha cha tatu. Wengine humaliza wiki moja. Aliyekojoa nje miezi sita anaweza kuhitaji wiki kadhaa, na akiteleza unarudi chumba kimoja nyuma.

Mahali alipopazoea, baada ya kupasafisha, weka bakuli lake la chakula. Paka hapendi kuchafua mahali pa chakula chake. Na lile sanduku la ziada uliloweka wakati wa matatizo usiliondoe mara tu sakafu ikikauka. Mimi nililiondoa baada ya siku kumi, nikalirudisha siku ya kumi na moja.